Darnelis na Kisingizio cha Mafuta

Asubuhi ile Darnelis alifunua sufuria ya gulai, mchuzi wa nazi wa matumbo ya ng'ombe, harufu ikampiga usoni. Haikuwa imechacha. Aliipika mwenyewe jana yake kwa tui zito na manjano ya kuchimba shambani, na ilikuwa sawa na gulai zake zote za miaka arobaini. Lakini puani mwake ilinuka mtaro. Mafuta yalikuwa yameganda juu kama nta, na chini yake vipande vya utumbo vimelala kama vitu vilivyookotwa mtoni. Akafunika. Akaenda nyuma ya jiko akatema mate mara tatu, akarudi, akampakulia mumewe bakuli zima.

Bustami alikula. Mwanamume huyu alichukuliwa kwa mama yake miaka thelathini na tisa iliyopita, akaletwa kuishi nyumba ya mke kama waume wote wa upande ule, na tangu aletwe hajawahi kukataa chakula. Kutafuna kwake kulikuwa kama ndara kwenye matope. Darnelis alitazama mafuta yakimetameta kwenye mdomo wake wa chini, akamchukia, kisha akajichukia yeye kwa kumchukia mtu asiye na kosa.

"Huli?" Bustami akauliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Nimeshiba, bwana. Kula, uende kahawani kwako."

Ilikuwa miezi minne sasa hajala chakula cha jiko lake. Kilichompita kooni ni chai yenye sukari vijiko vinne na biskuti za bati, ambazo alizificha chini ya godoro kama mtoto mwizi. Makombo yalimchoma mgongoni akiwa amelala, na kulala kwenyewe hakulali. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akakodolea dari macho mpaka jua likaingia, na kuweka miguu chini ikawa kazi ya kubeba gunia. Siku nyingine hakuoga. Alijinusa, akajionea kinyaa, na bado hakuoga.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na sababu. Angalau angefiwa. Wanawe wawili wa kiume walikuwa mbali wakitafuta maisha, wazima, wanapiga simu kila Ijumaa. Paa halivuji. Mpunga umekubali. Watu walioporomokewa na nyumba kwenye tetemeko wana haki ya kukaa kizingitini na kutazama ukuta. Yeye haki hiyo kaipata wapi? Huzuni isiyo na sababu aliiona kama uvivu uliovaa kanga ya heshima. Wavivu hakuwapenda tangu usichana wake.

Na hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu Darnelis alikuwa mwanamke wa tui.

Pale kijijini, chini ya mlima Sago, harusi haikamiliki bila sufuria ya gulai, na gulai haikamiliki bila mtu wa kukaa na tui. Nazi themanini zinakunwa, zinakamuliwa, zinamiminwa kwenye sufuria ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, na kuanzia hapo mtu mmoja anashika upawa mrefu. Anateka na kumwaga, anateka na kumwaga, bila kupumzika, mpaka lichemke. Hasimami, hapigi soga, hajikuni. Akiacha kidogo tu, tui linakatika: maji huku, mafuta kule, na katikati chembechembe nyeupe kama matapishi ya mtoto mchanga. Mama yake Darnelis alikaa na tui, na bibi yake kabla ya hapo. Katika ukoo wao kazi hiyo ilikuwa na sharti. Mwenye moyo mzito haketi. Aliyegombana na mumewe, aliye kwenye msiba, mwenye majonzi ya aina yoyote, asisogee, maana mkono wa huzuni hukata tui.

Darnelis aliona kwa macho yake mama alivyomwinua kwenye kigoda mdogo wake mwenyewe, mchangamfu wa watu aliyekuwa anacheka kuliko wote, kwa sababu alikutwa analia nyuma ya banda. Alinyang'anywa upawa mbele za watu. Hakuitwa tena, harusi baada ya harusi, na mpaka anazikwa watu walimtaja kwa jina moja tu: yule mwenye moyo mzito.

Na baada ya mwezi mmoja na nusu, mpwa wake Resti, binti pekee wa mdogo wake Yarnis, ambaye ndiye mtoto wa kike wa mwisho wa nyumba yao, alikuwa anaolewa. Upawa ule Darnelis hakuwa tayari kuuachia mtu.

Yarnis ndiye aliyemburuta kwenye siku ya wazee. Kila mwezi muuguzi wa zahanati huja na meza yake barazani kwa mkuu wa mtaa, anapima uzito, presha, na kuchoma kidole kwa ajili ya damu. Darnelis hakupenda mkusanyiko ule. Wanawake wa soko walikaa wamepanga mstari wakilinganisha mafuta ya damu zao kama wanalinganisha pete. Rohana, mama mmoja mpana mwenye kicheko cha kukereketa, alitangaza kuwa yeye ana mia mbili na themanini. Mwenzake Jawanis, mwembamba kama ufito, akasema yake mia mbili na kumi tu. Rohana akamwambia hayo si mafuta, hayo ni maji ya kuoshea mchele, na kwamba nyumba yenye mafuta kama hayo mume hutoroka. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hivyo ndivyo walivyo kule: mafuta kwenye damu ni ushahidi kuwa jikoni kwako kunapikwa. Darnelis aliwatazama mapengo yao na ndimi zao nyekundu kwa tambuu, akaona wanachukiza, akakaa.

Muuguzi aliitwa Gusnita, binti mfupi mwenye miwani, hata miaka thelathini hajafika. Akamchoma kidole. Akasubiri kimashine. Akasoma mara mbili.

"Mama Darnelis, mafuta yako yamefika mia nne na kumi na mbili."

Rohana akapiga kofi paja lake akasema jamani tumsalimie malkia. Darnelis naye alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Moyoni alihisi kitu kimeteremka. Kwa hiyo ni mafuta! Si uvivu, si moyo. Ni ugonjwa wenye jina na namba, tena ugonjwa wa watu walao vizuri.

Lakini yule binti hakumwachia. Alimvutia kiti pembeni, mbali na masikio, akamuuliza anakula nini. Gulai, akasema Darnelis, kama kila mtu. Anakunywa chai? Anakunywa. Sukari kiasi gani? Kidogo. Gusnita akamweleza kuwa mafuta ya aina hii hayapandishwi na nyama ya mafuta peke yake. Sukari nayo hupandisha, na kukaa bila kutembea. Halafu akamtazama.

"Unalala, mama?"

"Nalala kama gogo."

"Gogo lenyewe limefumba macho au limefumbua?"

Binti akaendelea kwa sauti ya chini: vitu ulivyokuwa unavipenda, bado unavipenda? Unajiona hufai? Darnelis akasema anapenda kila kitu na anafaa sana. Gusnita akasema sawa. Akasema pia kuwa mafuta mengi kwenye damu na moyo mzito mara nyingi hukutwa kwa mtu mmoja, kama majirani wanaotumia ukuta mmoja, na wataalamu hawajamaliza kubishana ni nani anayemgongea mwenzake. "Dawa ya mafuta nakupa," akasema. "Ila kama kuna cha upande wa pili wa ukuta, hii haitakigusa. Hicho nacho kina tiba yake. Njoo uniambie siku ukitaka. Huwa nipo zahanati kila Jumatano."

"Upande wa pili kuna banda la kuku," Darnelis akamjibu, akachukua vidonge vyake akaondoka. Njia nzima alimtukana yule mtoto kimoyomoyo. Kumuuliza mtu mzima kama anajiona hafai! Mama yake hakumfundisha adabu?

Kuanzia siku ile mafuta yakawa mwavuli wake. Asipoamka, ni mafuta. Asipokwenda shambani, mafuta yamepanda. Akiulizwa mbona hukuja kwenye matanga ya fulani, alishika kisogo akasema bibi wee, mia nne na kumi na mbili, unacheza? Watu walitikisa kichwa kwa heshima. Uongo ule ulikuwa mtamu siku tatu za kwanza. Baadaye ukaanza kumnukia nao, maana kila alipousema alijiona anajipaka kitu chenye utelezi.

Kaka yake Zulbahri, ambaye ndiye mjomba wa nyumba na neno lake ndilo la mwisho kwenye mambo ya ukoo, alikuja na fimbo yake akaketi katikati ya mkeka. Akapiga marufuku gulai, nazi, utumbo, ubongo, kwato na ngozi. Darnelis ale majani ya kuchemsha. Yarnis akawa analeta bakuli kila mchana: majani ya mihogo yaliyochemshwa mpaka yakawa kama sponji ya kuoshea vyombo, yanachuruzika maji ya kijani. Na kwa huruma akamletea na chai, sukari imejaa, ili mgonjwa apate nguvu. Jirani naye chai. Wake za wapwa nao keki za mchele na asali ya mnazi. Gulai walimnyima mtu ambaye hajaonja gulai tangu mvua zilizopita, wakamjaza sukari, ile hasa iliyokuwa inampandishia mafuta. Darnelis alijua. Binti wa miwani alimwambia. Lakini kusema kungefungua mlango wa maswali, kwa hiyo akanywa, huku akiwatazama wamekaa kumzunguka na nyuso zao za pole kama nzi kwenye jeraha.

Siku moja Yarnis aligusia kwa kuzungukazunguka kwamba kwa hali ya dada, labda tui la harusi ya Resti akae mtu mwingine.

"Mafuta yapo kwenye damu yangu," Darnelis akamwambia. "Kwenye mkono hayapo. Umewahi kuona mafuta yamekata tui? Tui lenyewe ni mafuta."

Zulbahri akacheka, akasema dada ana haki, sharti la ukoo linakataza moyo mzito, halikatazi damu nzito. Likaisha. Yarnis alimtazama dada yake kwa muda kidogo, kama anayetaka kuuliza, kisha akachukua bakuli lake akaenda zake.

Siku ya kupika, moto uliwashwa uani asubuhi na mapema kwa magogo ya miti ya kahawa. Wanaume walikuwa wamechinja. Wanawake zaidi ya ishirini walikaa na mbuzi zao za kukunia, nazi zinasikika kama mvua juu ya changarawe, na tui likaja ndoo baada ya ndoo. Darnelis aliketi kwenye kigoda chake. Alikuwa ameoga, ilimchukua tangu alfajiri kujilazimisha, lakini alioga. Akashika upawa. Akateka, akamwaga.

Kwa muda mambo yalikwenda. Mkono unakumbuka hata kama mwenyewe amesahau. Viungo viliingia, pilipili, mchaichai, manjano, sufuria ikawa ya dhahabu. Ila moshi ulipogeuka, ile harufu ikamjia, mtaro, nta, mdomo wa Bustami, biskuti za chini ya godoro, vyote kwa pamoja. Hakutapika. Angetapika ingekuwa afadhali. Kilichotokea ni kwamba kila kitu kilirudi nyuma, kelele zikawa za nyumba ya mbali, na akaona hakuna sababu yoyote duniani ya kuuinua ule upawa tena. Hakuchoka. Hakupata kizunguzungu. Aliona tu hakuna sababu. Akakaa ameushika, macho wazi, tui linapanda taratibu pembezoni.

Aliyeona kwanza ni Rohana. "Darnelis," akasema. Halafu, kwa nguvu, "Tui!"

Lilikuwa limeshakatika. Nazi themanini. Mafuta yalielea juu kama maji ya gereji, chini yake maji ya kijivu, na zile chembechembe zikizunguka polepole, nyeupe, za kuchukiza. Wanawake wakaacha kukuna. Yarnis akaja mbio kutoka ndani, mikono imejaa unga, akachungulia sufuria, akaziba mdomo. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wamekaa palepale kwenye viti vya kukodi, wanaona.

Zulbahri alifika na fimbo. Alitazama sufuria, akatazama watu, na akafanya anachofanya mjomba: akafunika aibu ya nyumba. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba dada yake ni mgonjwa, ana mafuta mia nne na kumi na mbili, muuguzi mwenyewe kapima, kizunguzungu kimempata, nani asiyeugua? Watu wakaanza kuguna kwa kukubali. Pole. Mafuta haya yatatumaliza. Mtu mmoja akaleta glasi ya chai, sukari imetuama chini kidole kizima. Akiinywa tu, mambo yangeisha. Harusi ijayo angerudi kwenye kigoda chake, na upawa ungebaki wake mpaka afe.

Darnelis alitazama ile sukari. Akatazama nyuso zile zote zimeukubali uongo kwa haraka, kwa hamu, kama waliokuwa wanausubiri. Kinyaa alichokuwa nacho kwa miezi mitano, cha gulai, cha mume, cha mwili wake, chote kilikusanyika mahali pamoja, na mahali penyewe ni pale.

"Sio mafuta," akasema.

"Dada, pumzika," Zulbahri akamwambia.

"Sikupata kizunguzungu. Niliacha kukoroga kwa sababu sikuona faida. Siku zote sioni faida. Silali, sili, sioni raha ya kitu, na sina sababu, kwa hiyo msiniulize sababu. Huo ndio ugonjwa. Mafuta ninayo, ndiyo, na huo nao ninao."

"Unajua unachosema mbele za watu?" Kaka yake alikuwa ameinama sasa, mdomo karibu na sikio lake. "Sharti unalijua."

"Nalijua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyemwona mama akimwinua mama mdogo." Akanyanyuka mwenyewe, bila kushikwa mkono, akampa Yarnis upawa. "Shika. Usipige soga. Na wewe moyo wako mwepesi mno, angalia usilale."

Yarnis alitaka kulia, akaona hapafai, akashika. Tui lililokatika likamwagwa nyuma ya banda kwa kuku, na nazi nyingine zikaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba. Darnelis hakwenda kujificha. Hakujua aende wapi, na kwenda kulala mbele ya wageni kungekuwa kushindwa mara mbili. Akatafuta mbuzi ya kukunia iliyokuwa wazi, kazi ya wasichana na vikongwe, akaketi kati ya Rohana na Jawanis, akachukua kizio cha nazi.

Nazi zilikunwa. Machozi yalimtoka bila ruhusa yake, nayo yakamchukiza, akayapangusa kwa bega.

Zilipita nazi tano au sita. Kisha Jawanis, yule mwembamba, akasema bila kuinua uso kwamba yeye hali hiyo ilimchukua miaka miwili, baada ya mtoto wake wa tatu. Alikuwa anamtazama mtoto akilia na hahisi kitu.

"Ulisema nini kwa watu?" Darnelis akamuuliza.

"Nilisema tumbo."

Rohana akakuna nazi yake mpaka ikaisha, akatupa kifuu, akachukua nyingine. "Mimi nilisema presha," akasema. "Na bado nasema."

Rohana huyu? Mwenye kicheko kile? Darnelis aligeuka akamtazama vizuri, mashavu yale mapana, na kwa mara ya kwanza akaona macho yake yalivyovimba chini. Akawafikiria wanawake wote wa lile baraza, wanalinganisha namba zao na kupigana makofi ya mapaja. Akamfikiria mama mdogo wake, aliyekufa na jina moja, wakati hapa uani labda nusu ya wakunaji walistahili jina hilohilo.

"Mnachukiza," akawaambia. "Wallahi mnachukiza, na mimi nikiwemo. Miaka yote hii tunapeana pole za tumbo."

Jawanis akacheka kidogo puani. Rohana hakucheka.

"Sasa utafanyaje?" akauliza. "Upawa umeshautoa."

"Jumatano nakwenda kwa yule mtoto wa miwani. Nitamwambia ukweli, hata aandike kwa wino mwekundu. Anayetaka tufuatane. Asiyetaka aendelee na presha yake."

Gulai ya Yarnis ilitoka vizuri. Bustami alisema ilikosa chumvi, na hiyo ndiyo njia aliyoijua ya kumtetea mkewe. Darnelis hakuionja, bado ilinuka mtaro, na hakuna aliyemlazimisha. Ile glasi ya chai aliimwaga chini ya mti wa kahawa.

Jumatano walikwenda watatu kwa miguu, Jawanis mbele, Rohana nyuma akilalamika kwa sababu ya vilima. Walipofika wakagombana mlangoni nani aingie kwanza, kila mmoja akimsukuma mwenzake kama wasichana wa shule, mpaka Darnelis akachoka na ujinga ule, akaingia.